Gazeti Chini ya Jezi

Somo la kwanza lilihusu chupi. Ukivaa kaptula ya mbio za baiskeli, ile ya kubana yenye ngozi laini ndani, huvai chupi. Nilikuwa fundi wa redio Kimisagara, kijana mwenye baiskeli ya mitumba na kiherehere, na aliyeniambia hivyo alikuwa dereva wa ofisi moja ya Kiyovu, mtu mzima aliyekulia Bujumbura na kushindana huko. Nilimwona amechanganyikiwa. Jumapili ile nikavaa chupi yangu, tena mpya, nikaenda Kicukiro na kurudi. Jumatatu nilitengeneza redio nimesimama.

Tangu hapo nikawa namsikiliza kwa kila kitu. Alinifundisha kupaka mapajani samli ya ng'ombe kabla ya kuvaa. Aliniambia nitupe koti langu la plastiki, kwa kuwa linakuchemsha ndani kuliko mvua inavyokulowesha nje. Alinikataza kubeba begi mgongoni, maana kiuno ndicho kinachoumia. Mzigo wote ubebwe na baiskeli. Na kwa kuwa mimi sikuwa na pa kuufunga, vitu vyangu viliingia kwenye sakoshi yake, kifuko cha ngozi kilichoning'inia nyuma ya kiti chake. Alikuwa akiniita mdogo wake, nami nikimwita mkubwa, na sikuwa nikitania.

Nayasema haya ili ieleweke nilivyomwamini. Wapo wanaoniambia miaka imepita, niache. Siachi. Nina hasira naye hadi leo, na sitaki kujifanya nimesamehe ili niandike vizuri.

Jumapili moja ya mwaka wa tisini na mbili tulipanda mlima wa Shyorongi. Miaka ile hakuna aliyetoka nyumbani bila kitambulisho, na kitambulisho chenyewe kilikuwa karatasi ngumu isiyopatana na jasho. Alikuwa na jibu, kama kawaida yake: tuvifunge vyote viwili kwenye nailoni, tuviweke ndani ya sakoshi. Niliona ni akili tupu. Nikampa changu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kupanda kule kulinitoa roho. Kileleni jezi ilikuwa imelowa chapa, na upepo ulipoanza kuvuma nikatetemeka. Akacheka, akatoa gazeti kwenye sakoshi, akalichana katikati, nusu yake akaingiza chini ya jezi yake, nusu nyingine akanipa.

"Tia ku kifua, mudogo yangu," akaniambia. "Ku mutelemuko baridi iko mingi."

Lilikuwa gazeti la chama fulani, la wale wasioipenda serikali. Wakati huo kila chama kilikuwa na gazeti lake, na kukutwa na la chama fulani ilikuwa sawa na kuvaa shati lake. Yeye alilichukua ofisini na alijua ni lipi. Mimi sikutazama hata picha. Gazeti lile nililipima kwa unene, nikaridhika.

Na kweli, liliizuia baridi yote. Nilishuka nikiimba.

Chini kulikuwa na bariyeri, gogo limelazwa barabarani na wanajeshi watatu. Yeye alitangulia kufika. Akatoa kitambulisho chake, wakakitazama, wakamruhusu, akasukuma baiskeli hatua kama ishirini na kusimama kunisubiri. Mimi nilipofika, mwanajeshi mmoja aliona karatasi imechomoza shingoni mwangu. Akaivuta taratibu, akaikunjua, akasoma. Kisha akadai kitambulisho. Nikamwambia kiko kwa mwenzangu yule pale, kwenye sakoshi.

Wakamwita. Akarudi akiisukuma baiskeli. Niliona anavyoitazama ile nusu ya gazeti mkononi mwa mwanajeshi.

"Huyu iko mutu yako?" mwanajeshi akamwuliza.

Nikangoja. Kufungua sakoshi ni kazi ya kidole kimoja.

"Mimi simujui," akasema. "Tumekutana tu ku njia."

Akapanda baiskeli, akaenda zake na kitambulisho changu nyuma ya makalio yake.

Najua kwa nini. Angekubali kwamba ananijua wangemfunua jezi naye, na nusu yake wangeikuta. Ninaelewa kabisa, na kuelewa huko hakujanipunguzia hasira hata chembe. Maana mimi pia ningeweza kufungua mdomo. Neno moja tu, kwamba nusu nyingine iko kifuani kwake, na hakuwa amefika mbali. Sikulisema. Walinipiga makofi wakiniuliza gazeti nimepewa na nani, nikasema nimeliokota kileleni. Walinikalisha chini kando ya barabara mchana kutwa, kwenye jua, na kaptula ile ya kubana, samli ikiyeyuka mapajani, watu wa sokoni wakipita na kunicheka. Jioni wakanipeleka kasho, chumba chao cha mahabusu. Nilikaa humo siku tatu bila suruali, nikiwa sina karatasi ya kuonyesha mimi ni nani, na mtu wa aina hiyo wakati ule aliweza kupotea na asiulizwe popote.

Aliyenitoa ni mama, baada ya kuzunguka na cheti changu cha ubatizo na kumleta padri wa parokia yetu anisemee. Nilirudi nyumbani Jumatano asubuhi.

Jioni ile ile dereva akabisha hodi. Alikuwa amevaa suruali yake ya kazi iliyopigwa pasi. Mama hakujua lolote. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba niliangusha kitambulisho njiani. Akampa kiti, akamletea bia. Naye akatoa kile kifurushi cha nailoni, akamwambia mama kwamba ameokota kitambulisho changu na amenitunzia vizuri.

Alisema hivyo akinitazama machoni. Nikasubiri kuona kama mdomo wangu utafunguka safari hii.

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Alimshukuru mpaka machozi yakamtoka, akamwombea yeye na watoto wake, kisha akanigeukia akaniuliza nimekuwa bubu au vipi, mbona simshukuru mtu aliyeniokoa.

Nikasema, "Asante, mukubwa."