Zamu ya Kuonja

Marehemu Khadra, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa pamoja na wanawake wenzake. Yeye ndiye aliyeanzisha kikundi, lakini hakutaka kuwa bosi wa mtu. Kila asubuhi mmoja wao, kwa zamu, alionja kila mtungi kabla maziwa hayajachanganywa, na neno lake halikupingwa, maana mtungi mmoja uliochacha huharibu yote.

Asubuhi moja zamu ilikuwa ya Kowsar, mdogo kuliko wote. Akaonja mtungi wa maziwa ya ngamia wa Khadra mwenyewe, akainamisha macho.

"Eddo, shangazi yangu, yameanza kuchacha."

Wenzake wakaangua kicheko. "Wewe wa juzi tu, utamfundisha shangazi yako maziwa?"

Khadra akaonja. Hakusikia uchachu. Akaonja tena, hakusikia chochote, hata ule moshi wa kufukizia mtungi ili maziwa yasichache upesi. Hapo akajua kwamba ugonjwa aliokuwa akiwaficha umemwondolea na ladha. Angesema ni mazuri, wangemwamini, na maziwa ya wote yangeharibika.

"Zamu ni ya nani?" aliuliza.

"Ya Kowsar."

"Basi mbona mnaniangalia mimi? Wekeni kando."

Kisha akajifunika uso kwa mtandio, akalia kimya.

Siku alipofariki, wenzake walichelewa kufika msibani. Walikuja wakinukia moshi wa mitungi, wakaomba radhi huku wakilia. Hakuna aliyewalaumu. Siku hiyo pia maziwa yalikuwa yameonjwa, yakafika sokoni bila yeye.