P ya Baba

Wageni kutoka Marekani walipotarajiwa usharikani, mwaka tisini na nne, mchungaji alimwomba Eliona asome Zaburi kwa Kiingereza. Eliona alikuwa amemaliza kidato cha nne, akawa anaishi kwa wazazi wake katika kijiji cha Mamba akichuma kahawa na kukata majani ya ng'ombe. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa baba yake, Ebenezeri, mwinjilisti. Yeye ndiye aliyemfundisha Kiingereza cha mwanzo, kama alivyowafundisha nusu ya watoto wa kijiji.

"Anza na kichwa," alimwambia jioni ile ile. "Sema, pisalimu."

"Pisalimu," Eliona akaitikia.

Lakini sekondari, mwalimu alikuwa amewaeleza kwamba katika neno psalm, yaani zaburi, ile P huandikwa tu. Husemwa "saam". Siku hiyo darasa zima lilimcheka Eliona kwa kusema "pisalimu". Hakuwahi kumwambia baba.

Wiki ile Eliona alikula kidogo. Akisema kama baba, wageni watacheka. Akisema kama mwalimu, baba atajua kanisani, mbele ya watu aliowafundisha mwenyewe, kwamba amekosea miaka yote. Alimfuata baba kihambani, shamba la nyumbani, alipokuwa akipunguza migomba, akafungua mdomo, akaishia kuuliza kama alete maji.

"Una nini wewe?" mama yake alimuuliza. "Mtori wako wa ndizi umepoa."

"Tumbo tu, mama."

Jumapili alisimama mbele, Biblia mikononi. Baba yake aliketi benchi la kwanza, midomo tayari kusoma pamoja naye. Eliona akafungua ukurasa.

"Saam," alisema.

Midomo ya baba ikafumbana. Eliona alisoma hadi mwisho bila kujua alichokuwa akisoma.

Wageni walimshika mkono wakamsifu. Ebenezeri aliwasalimu, kisha akatangulia nyumbani peke yake. Eliona alimkuta bandani, bado amevaa koti la ibada, akimwekea ng'ombe majani.

"Ile P umeiacha wapi?"

"Haitamkwi, baba. Tulifundishwa shuleni."

"Lini?"

"Kidato cha pili."

Baba aliongeza majani. Ng'ombe aliendelea kutafuna.

"Sasa kwa nini hukuniambia hapa nyumbani? Ukaniacha nikaisikie kule?"

"Niliogopa. Nisamehe, baba."

"Wiki nzima nimepita nikiwaambia watu waje wasikie nilivyokufundisha." Alijifuta mikono kwenye suruali, polepole, bila kumtazama. "Yapo mengine?"

Eliona alitamani kusema hapana.

"Yapo, baba."

"Mengi?"

"Kiasi."

Ebenezeri akavuta ndoo, akaigeuza kifudifudi, akaikalia.

"Niambie yote leo," alisema. "Alhamisi watoto wanakuja kusoma."