Fundi Aliyeniuliza Habari za Mvua

Nakiri mapema: siku ya kwanza nilipokutana na Debra Nabututu tuligombana, na mkosaji nilikuwa mimi. Nimefundisha hesabu katika shule za msingi kwa miaka thelathini na moja, na mwalimu mstaafu akikosea hutafuta kwanza mwanafunzi wa kumlaumu. Debra hakuwa mwanafunzi wangu. Ni fundi wa vitu vya stima pale Kaloleni, mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Bungoma, na kibanda chake cha mabati ukikiona utadhani ni cha mboga tu. Mbele amepanga sukuma wiki na nyanya. Nyuma, penye kagiza, kuna meza iliyojaa redio zilizopasuliwa matumbo.

Kilichonipeleka kwake ni pumzi ya mke wangu. Caren alikausha samaki kwa moshi ufuoni mwa ziwa huko Dunga miaka mingi, na moshi ule ule uliosomesha watoto wetu ukaja kuyadai mapafu yake. Mwaka juzi daktari alimwandikia mashine ya oksijeni. Inakaa sebuleni kwetu Nyamasaria, inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inampelekea puani kwa mpira mwembamba, na inakoroma kwa adabu kama mgeni aliyesinzia kochini. Ikizima, midomo ya Caren huanza kubadilika rangi kabla chai haijapoa. Tuna mtungi mdogo wa akiba, lakini wiki hiyo ulikuwa mjini kujazwa.

Sasa, stima ya mtaani kwetu ina tabia zake. Huondoka bila kuaga, na ikirudi hurudi kwa kishindo. Ilikuwa imeshaua redio yangu na friji ya jirani. Je, ikiua mashine? Hilo ndilo lililoninyima raha. Tena mashine yenyewe hula tokeni za stima bila huruma, kwa hiyo nikataka ekstensheni yenye kinga ya umeme, na iwe ile inayopunguza matumizi. Jirani akaniambia, "Enda kwa yule mama wa Kaloleni. Yeye hauzi tu. Anakuchagulia."

Nilijitambulisha kwa cheo, kama kawaida yangu, nikaeleza ninachotaka. Debra alikuwa akimfungia mteja sukuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akaniuliza:

"Mwalimu, mvua ikikuja, huko kwenu mnafanyanga nini?"

"Tunalowa," nikamjibu.

Akacheka, lakini swali hakuliacha. "Hapana, serious. Radi ikianza kupiga. Nani kwa nyumba anafanya nini?"

"Mama, nimekuja kununua kitu. Sijakuja kuungama."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililozidi kunikasirisha. Alitoa kopo la maziwa ya unga chini ya meza, akalitikisa, likalia kama lina njugu. Akamimina kiganjani vipande vya duara, vidogo kuliko sarafu ya shilingi, vingine vimepasuka, vingine vimekuwa makaa. Kila kimoja kilikuwa na kijikaratasi: *Friji, Nyalenda. Spika za kanisa. Kompyuta ya Winny.*

"Hii ndio inakaa ndani ya guard, hiyo kinga," akasema. "Ni udongo tu, imechomwa kama chungu. Siku zote inakaa kimya. Stima ikikuja na nguvu mingi, inajiweka mbele, inaimwaga kwa earth, chini kwa ardhi. Ikibeba mzigo kubwa sana, inakufa. Hii zote zilikufa, lakini vitu za watu zilibaki."

Akanionyesha na ekstensheni moja ya rafuni. Ilikuwa na taa mbili. "Hii red inasema tu stima iko. Hii green ndio inasema kinga iko hai. Watu wanaangalia red, wanalala."

Basi nikasema nipe hiyo. Akakataa. Alisema hauzii nyumba yenye mashine ya pumzi kabla hajaiona, atakuja kesho asubuhi, na nimjibu kwanza lile swali la mvua. Kesho! Mimi, Robinson Okello, niambiwe nirudi nyumbani mikono mitupu kama mtoto aliyesahau daftari? Nilichukua namba yake ya simu kwa sababu aliniandikia, nikaondoka.

Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara zisizo na idadi, na siku hiyo niliiacha huko huko ubaoni. Nilipitia duka moja mjini nikanunua ekstensheni ndefu yenye picha ya jani kwenye boksi. Inakinga, inapunguza matumizi, vyote kwa pamoja. Ilikuwa na soketi moja ya buluu, mbili nyeusi na nne za kijani. Maelezo yalikuwa kwenye karatasi iliyokunjwa ikawa kama kidonge, na mimi, niliyewanyima alama watoto wa watu kwa kutosoma maagizo, sikuikunjua. Runinga ilikuwa ikiwaka. Nikaichomoa haraka nikaipa buluu kwa sababu ilikuwa ya kwanza, na mashine ya Caren nikaipa kijani. Nilijiambia kijani ni rangi ya afya. Zote zikawaka. Taa nyekundu ikawaka, na ya kijani pia.

"Umeona?" nikamwambia Caren. "Na yule mama alitaka kunifundisha."

Caren akatabasamu tu. Yeye hapotezi pumzi kwa ubishi.

Saa kumi jioni wingu likashuka kutoka milima ya Nandi. Wanaoishi huku wanalijua lile wingu. Nilitoka nje kuingiza viti vya chuma na kuanua nguo. Radi ya kwanza ilikuwa mbali. Caren akaniita kutoka ndani, "Japuonj, bi!" Ndivyo anavyoniita tangu ujana wetu, mwalimu, njoo. Nikaitika nakuja, sikwenda. Maisha yetu yote mvua ikianza huniita hivyo, na mimi huwa najua ni yale yale ya wake, kwamba nitalowa. Radi ya pili, akaniita tena. Mvua ikamwagika kwenye mabati mpaka sikusikia hata mawazo yangu. Akaniita mara ya tatu, sauti ndogo. Nikabeba kiti cha mwisho nikaingia.

Kioo cha ukutani kilikuwa kimefunikwa leso. Runinga ilikuwa imezimwa. Huo ni utaratibu wa kila nyumba ninayoijua kandokando ya ziwa hili: radi ikilia, unazima, unafunika, unanyamaza. Mashine nayo ilikuwa imenyamaza. Haikukoroma. Kilibaki king'ora chake tu, piii, piii, na Caren ameketi wima, mikono magotini, anavuta hewa kwa mabega.

Taa ya chumba ilikuwa ikiwaka. Taa nyekundu ya ekstensheni ilikuwa ikiwaka. Kwa hiyo stima ipo, na mashine imekufa. Nilibonyeza kila kitu chenye kibonyezo. Niliitikisa. Nilimwomba Mungu kwa Kiluo na kwa Kiswahili. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara iliyokwisha kuwa mto. Midomo ya Caren ikaanza kubadilika rangi. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, na katika woga huo namba pekee iliyokuwa juu ya meza ilikuwa ile ya fundi.

"Mama, mashine imeungua! Imezima, na ile ekstensheni ya kupunguza matumizi niliyonunua mjini inawaka!"

"TV yenu iko on?"

"Nini?"

"TV, Mwalimu. Iko on ama off?"

"Tumezima! Si kuna radi!"

"Washa TV."

"Mama, unataka kutuua?"

"Baba, washa TV saa hii!"

Nyanya yangu aliyenilea alikufa akiamini kwamba kitu kinachong'aa huiita radi. Nina umri wa miaka sitini na saba, na nilishika rimoti kana kwamba yuko nyuma yangu na fimbo. Caren alinitazama akatikisa kichwa. Nje, umeme ulimulika ukageuza dirisha jeupe. Nikabonyeza.

Runinga ikawaka, kwaya fulani ikaanza kuimba, na mashine ikakohoa, ikashusha pumzi, ikaanza kukoroma. Mpira wa puani ukapiga hewa. Nilikaa sakafuni. Sijui kusema nilichohisi isipokuwa kwamba Lazaro alipotoka kaburini, waliosimama karibu walikuwa na uso kama wangu.

Tulikaa hivyo, kwaya ikiimba kwa sauti ya juu katikati ya radi, nyumba yetu pekee ikimulika mtaa mzima. Rangi ya mashavu ya Caren ikarudi. Ndipo ikaja radi moja ambayo haikuwa na nafasi kati ya mwanga na mlio. Nguzo ya njiani ilitoa cheche. Taa zilififia, zikarudi. Mashine ilikatika kidogo kama mtu aliyeshtuka, kisha ikaendelea. Nilipoinama kuitazama ekstensheni, nyekundu ilikuwa ikiwaka. Ya kijani ilikuwa imezimika. Ndani yake kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua.

Debra alikuja asubuhi, kwa miguu, buti zimejaa matope, mfuko wa vifaa begani na fungu la sukuma mkononi kwa ajili ya Caren. Nilikuwa nimejiandaa kusimangwa. Alikunjua ile karatasi niliyoidharau, akaniwekea kidole.

"Hii ya buluu ndio bosi. Ukizima TV, inajua umemaliza, inakata hizi green zote. Decoder, woofer, zote. Hivyo ndio inasave. Si mbaya, Mwalimu, ni kitu mzuri. Lakini mashine ya pumzi haiwekwangi chini ya amri ya TV. Kama ungeweka kwa nyeusi, haingezima."

Akiwa anafungua skrubu nilimuuliza ujuzi aliupata wapi. Alisema aliuza mboga miaka tisa mlangoni pa mzee mmoja, Wesonga, aliyekuwa akitengeneza redio. Wateja wakipungua alimshikia tochi. Macho ya mzee yalipoanza kufifia, mzee akawa anaelekeza kwa mdomo na Debra anachoma risasi ya kuunganisha nyaya, mpaka siku moja mzee akamwambia, basi, wewe ndiye fundi, mimi ni mdomo tu. Alipofariki alimwachia kifaa cha kuchomea risasi, lile kopo, na hakuna kingine. Kopo lilikuwa na vipande vinne. Sasa limejaa, na hajawahi kusoma darasa lolote la umeme. Mimi niliyejivunia cheti changu nikavitazama vidole vyake.

"Na swali la mvua?" nikamuuliza.

"Mtu anaweza kukuficha vitu ako navyo kwa nyumba, ama asahau. Lakini mvua ikipiga, kila mtu ana kitu anafanya, na hawezi acha. Hiyo ndio nachagulia."

Akang'oa kipande kutoka ndani, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa kimepasuka katikati, cheusi, chepesi kama ganda la dagaa. Nilikitazama muda mrefu. Radi ile, iliyopasua nguzo na kuzima nusu ya mtaa, ilikuja mpaka chumbani kwangu ikakuta udongo huu mdogo umesimama mlangoni. Nilistaajabu mpaka macho yakanilowa, na sioni haya kuliandika. Debra alikata kijikaratasi akanipa kalamu. Niliandika *Caren*, akalitoa lile kopo mfukoni tukakitia humo.

Alifanya kazi mpaka saa sita. Alifuata waya wa earth mpaka nje akakuta jembe langu lilikuwa limeukata zamani nusu nzima, akauunga upya. Mashine akaipa kinga yake peke yake, ya kuchomekwa ukutani, yenye taa mbili, isiyopunguza kitu chochote. Ekstensheni nyingine ya kupunguza matumizi aliichagua kwa ajili ya runinga na ndugu zake. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya mke wangu.

"Mama, sasa wewe niambie. Mvua ikikuja, unafanyanga nini?"

"Nazima TV," Caren akasema polepole. "Nafunika kioo. Halafu nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Tangu imulike mpaka ilie. Huyu ndiye alinifunza, kabla anioe. Alisema ukifika kumi, iko mbali. Ukifika tatu, kila mtu awe ndani." Akapumzika, akavuta hewa. "Kama yuko nje, namuita."

Nilikuwa nimesahau kwamba nilimfundisha. Ilikuwa njiani kutoka Sondu, mvua ikitufukuza, nikitafuta tu cha kumwambia msichana mzuri.

"Jana," nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya mwalimu, "si uliniita kwa sababu mashine imezima?"

"Mashine?" Caren akashangaa. "Hapana. Nilikuwa nimefika tatu, na wewe bado uko nje na viti za chuma."

Miaka arobaini na moja ya ndoa, nami nikidhani anaogopa tu nitalowa. Na ile mara ya tatu aliponiita, mpira wa puani ulikuwa hautoi hewa tena.