Nilivyomtafsiria baba mkwe kwenye kliniki ya ulevi London

Wakuu, habari za huko mliko. Hili hata mke wangu sijawahi kumwambia, kwa hiyo nawapa kama lilivyo, bila chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa naishi Wembley. Baba mkwe, mzee wa Tanga, alikuwa amepanga chumba Hounslow, cleaner wa airport. Kiingereza chake kilikuwa "good morning" na "finish", basi.

Mzee alikuwa anakunywa. Ukoo mzima tulijua, hakuna aliyetamka.

Siku moja akanipigia mwenyewe: "Mwanangu, nisindikize kwa daktari wa pombe. Nimechoka."

Kliniki wakasema interpreter wa Kiswahili yupo, ila tusubiri wiki mbili. Mimi na kimbelembele changu nikajibu, no need, I'm family.

Key worker, yaani mhudumu aliyepangiwa mzee, mama mmoja mpole, akauliza anakunywa kiasi gani.

Mzee akajibu akiangalia viatu vyake: "Chupa nzima ya vodka kila siku. Asubuhi nisipogusa, mikono inatetemeka. Juzi nimejikojolea kazini."

Jamani, huyu ni baba mkwe! Hata kula naye meza moja nilikuwa naona haya. Maneno yale nitayatoaje mbele ya mwanamke nisiyemjua?

Nikasema, "He drinks beer. Weekends mostly."

"Any shaking in the mornings?"

"No."

Nilijidai namsitiri mzee. Uongo. Nilikuwa najisitiri mimi.

Tukapewa leaflet, tena ya Kiingereza. Nikamwambia mzee wamesema ajitahidi aache tu.

Akaacha siku hiyo hiyo, kavu, bila hata tone.

Siku ya tatu mpangaji mwenzake alimkuta jikoni chini, mwili unarushwa kama mwenye kifafa. Hospitali ndiko nikajua kwamba mnywaji wa kiwango kile haachi ghafla, anapewa dawa na kuangaliwa. Yule mama wa kliniki angetuambia hilo, kama ningemwambia ukweli.

Pale wodini walitumia interpreter wa kwenye simu, loudspeaker. Mzee akarudia maneno yale yale, mpaka la kujikojolea. Daktari akaandika yote. Mimi nimesimama pembeni.

Simu ilipokatwa mzee akanigeukia.

"Ajabu, mwanangu. Kule kliniki niliyasema haya haya, wakanipa karatasi. Nikajua kwa mtu kama mimi hawana dawa."

Nikamrekebishia mto, wakuu.

Alipata matibabu, akaacha kweli, akaishi miaka mingi. Tumemzika Tanga bila yeye kujua kwamba kule kliniki hakuna aliyemsikia.

Mlio ughaibuni, ndugu yako akienda kutibiwa, mwombee interpreter hata kama ni kusubiri. Wewe kaa nje umshikie koti.

Kama kuna mwingine aliyewahi kukalia kiti kile cha katikati, kati ya mgonjwa na daktari, aseme hapa. Na wenye matusi karibuni, nimeyangoja muda mrefu.