Joto la Safi, Baridi ya Ramla

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na moja. Hapana, si huo. Mwaka huo chumvi ilikuwa bado inapatikana Kindu. Ulikuwa elfu mbili na mbili, mwisho wake, wakati wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa wamezunguka muji, waasi wako ndani, na chumvi inauzwa kwa kijiko cha chai. Muntu aliyetoka kwenda kutafuta sombe, majani ya muhogo, shambani aliwaaga wa nyumbani kama anayesafiri mbali.

Katika siku hizo Bulaimu, fundi wa nguo wa mutaa wa Kasuku, alikuwa anashona nguo za baridi.

Baridi yenyewe hakuijua. Aliijua ile ya asubuhi kando ya Lualaba, mwezi wa saba, ya kumufanya muntu avae shati la pili na kulivua saa tatu. Lakini binti yake Aïcha alikuwa ameitwa Canada na mume wake Abedi, aliyekimbia vita kupitia Goma wakati mimba iko ya miezi mitano. Abedi aliandikisha karatasi mapema, tumbo likiwa bado tumbo: mama mumoja, mutoto mumoja. Mungu akaleta wawili. Mapasa, wasichana, Ramla na Safi, na sasa walikuwa na miezi tisa. Karatasi ilipofika ilikuwa na nafasi ya mutoto mumoja tu, na ndege ya mizigo, ile inayorudi Goma na magunia ya mawe ya madini ya Kalima, ilikuwa inaondoka baada ya siku tano.

"Karatasi ya wa pili itafuata, miezi mitatu hivi," Aïcha alisema, macho yake chini.

"Mapasa hawatenganishwi," akajibu mama yake, Hadidja.

"Sasa mama, nibaki? Tukufe hapa wote watatu?"

Hadidja akawapakata wote wawili. Ikakubaliwa Ramla ndiye aende, kwa sababu alikuwa mwembamba na hakukubali kuacha ziwa la mama. Safi yeye alikuwa anakula uji wa muchele kama mwanaume aliyetoka kulima.

Wakati ule kila nyumba ilijua namna ya kulea mapasa. Ukimuogesha mumoja, unamuogesha na mwenzake. Ukileta zawadi moja, rudi kwako ukatafute ya pili. Mumoja akila na mwenzake amelala, unamugusisha kijiko mudomoni hata ndani ya usingizi. Ukipendelea mumoja, mwingine anakasirika na kurudi alikotoka. Kwa hiyo Bulaimu alipopata blanketi moja zito la kijivu, alilikata katikati: makoti mawili, kofia mbili, soksi nne.

Rémy, jirani yake mushona viatu, alisimama mulangoni akicheka.

"Fundi, hiyo ni nguo ya mutoto ama gunia la kahawa?"

"Kaiulize baridi ya Canada."

"Wanasema kule mate yanaganda mbele ya kufika chini. Na koti la pili? Huyu naye anaenda wapi, Kibombo hapa kwetu?"

Bulaimu alikata uzi kwa meno. "Huyu anabaki. Lakini dada yake akisikia baridi, yeye hataachwa uchi."

Rémy akaacha kucheka. Alitazama lile koti dogo la kubaki, akarudi kwenye viatu vyake bila kuaga.

Siku ya ndege, Aïcha alimufunga Ramla mugongoni. Safi alikuwa mugongoni mwa Hadidja. Watoto wale hawakulia. Walitazamana, kila mumoja juu ya bega la aliyemubeba, mpaka mulango wa ndege ukafungwa. Heri wangelia; ndivyo Bulaimu alivyowaza njia nzima ya kurudi, na hakumuambia muntu.

Tangu siku hiyo Safi alivaa koti. Asubuhi koti, kofia na soksi. Aliogeshwa, akavishwa tena. Mwezi wa kwanza Kindu ni mvua na jua, na jua likitoka juu ya mvua mabati yanatoa moshi. Shingo ya mutoto ikajaa vipele. Wiki ya nne akakataa uji. Macho yakaingia ndani. Hadidja alikuwa anamupepea kwa kifuniko cha sufuria na kumutazama mume wake, anangojea aseme neno. Bulaimu alimufunga vifungo tena. Kila akishika kifungo cha koti aliona mutoto mwingine, mbali, akitetemeka peke yake.

Ijumaa moja akapita Nicole, mama wa Kalima aliyefanya kazi ya kuuguza kwenye kituo cha afya cha mutaa.

"Baba Aïcha, unapika huyu mutoto?"

"Mwenzake iko kwenye baridi."

"Mwenzake iko na mama yake! Huyu iko na wewe. Mushike hapa. Unasikia anavyowaka?"

"Nikimuvua, na yule wa kule?"

"Hata kwetu tunaheshimu mapasa, baba. Lakini usipomuvua leo, kesho utashona sanda."

Ilikuwa saa nne, mbele ya kwenda musikitini. Bulaimu alimuvua kwa mukono wake mwenyewe: soksi, kofia, koti. Safi akavuta pumzi ndefu kama muntu aliyetolewa majini. Mbele ya saa saba alikuwa anakula uji, kifua wazi, anapiga kijiko chini. Musikitini Bulaimu alisahau rakaa.

Barua ilifika mwezi wa tatu, imebebwa na mufanyabiashara wa Goma. Ilisema: Ijumaa ileile, tarehe ishirini na nne ya mwezi wa kwanza, saa kumi na mbili ya asubuhi, Abedi aliamuka akamukuta Ramla hapumui. Hakuwa mugonjwa. Alikuwa amefunikwa vizuri, nyumba ina moto. Waganga wa hospitali hawakuona sababu.

Hadidja alilia. Bulaimu alihesabu kwa vidole. Saa kumi na mbili. Yeye alimuvua Safi saa nne. Mauti yalitangulia mukono wake. Juu ya hesabu hiyo aliweza kulala, zaidi ya miaka ishirini. Karatasi ya Safi haikutajwa tena. Aïcha hakuituma, nao hawakuiuliza. Safi akakulia Kasuku, akafungua kibanda cha kutengeneza simu.

Mwaka jana, jua la muchana likiwa kali, Safi alimuletea babu yake simu yenye kuonyesha sura. Aïcha alikuwa jikoni, taa inawaka, dirisha nyuma yake jeusi.

"Mwanangu, mbona unakaa gizani?"

"Baba, huku bado giza. Iko saa kumi na mbili ya asubuhi. Ninyi muko saa saba ya muchana tayari."

"Saa saba ya leo?"

"Ya leo, babu," Safi alicheka. "Sisi tunatangulia, wao wanafuata."

Bulaimu aliweka makasi chini. Asubuhi ya kule inakuja nyuma. Walipomukuta Ramla, saa kumi na mbili yao, Kindu ilikuwa saa saba, na Safi alikuwa amekwisha kukaa kifua wazi masaa matatu. Lakini saa ya kukutwa si saa ya kufa.

Aliisogeza simu karibu na mudomo, akauliza swali moja. Aïcha alimusikia, hilo lilionekana usoni mwake; akageuka, akauliza habari za muguu wa mama. Ameulizwa tena mara mbili tangu siku ile, na Abedi naye ameulizwa, na mpaka leo hawajasema kitu.

"Aïcha, asubuhi ile mulipomugusa, mwili wake ulikuwa umekwisha kupoa, ama ulikuwa bado na joto?"