Njia Mpya ya Sanders

Wifi yangu Harriet hakulia siku tuliyomzika Sanders, kaka yangu, na watu walimsema. Mimi pia nilimsema, kimoyomoyo. Maisha yao yote msituni Sanders alitangulia, akishindilia theluji kwa viatu vyake vipana vya kusuka, na Harriet alifuata na mzigo. Sasa alikaa tu kambini, anakula akipewa, analala akiambiwa.

Kilichomtoa ni mitego. Siku moja kabla ya kufa, Sanders alifungua njia mpya ya kwenda ziwani. Alirudi akasema ameshategea fisi-maji, akala, akalala, asubuhi hakuamka. Na sisi Wakrii, wenyeji wa misitu hii ya Kanada, hatuachi mnyama aoze mtegoni, ni aibu kwa marehemu. Binti yao Priscilla alitaka kwenda na pikipiki ya theluji. Harriet akakataa.

"Ataivuruga njia na lile lidude lake."

"Njia gani, wifi? Imeshafukiwa."

"Ipo chini. Nataka niipite kabla haijayeyuka."

Tukaondoka wawili. Hata ndege hakulia. Harriet alipapasa kwa mguu chini ya theluji mpya mpaka akaipata ile ngumu iliyoshindiliwa na Sanders, akakanyaga hapo, akapapasa tena. Mimi nilikosea hatua nikazama mpaka kiunoni.

"Unaogelea?" akaniuliza.

"Nivute, acha maneno. Sijui kaka yangu alikupendea nini."

"Alichoka kula chakula cha dada yake."

Nilicheka peke yangu. Uso wake ulikuwa vilevile.

"Najua mnanisema," akasema akinivuta. "Hata mimi nangoja nilie. Sisikii kitu, wifi. Ni kama vidole vikifa ganzi, unaviona ni vyako, basi."

Niliona haya.

Baada ya kilima Harriet akazama. Akapapasa kushoto, laini. Kulia, laini. Akarudi hatua moja, ngumu. Njia ilikuwa imeishia hapo, na ziwa hata halijaonekana. Nikainua macho nikaliona gunia, limening'inizwa kwenye tawi la msonobari. Nilijua kilichomo kabla sijalishusha. Mitego yote ilikuwa humo, haijatumika.

Nililia mimi. Kaka yangu alishindwa kufika, akageuka, akaja akala mbele yetu akitudanganya ili tusihangaike, na mimi siku ile nilimtania kwamba anatembea kizee.

Harriet alilishika gunia muda mrefu.

"Turudi, wifi," nikamwambia. "Hakuna mnyama wa kuoza."

"Alisema ameitega."

"Alisema tu."

"Basi itategwa."

Akalitupia gunia begani. Akaingia kwenye theluji laini, akazama, akainua mguu, akashindilia. Sikuwahi kumwona akitangulia.

"Fuata nyuma yangu," akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka, na nadhani mwenyewe alikuwa hajajua.