Sahihi Niliyoichelewesha kwa Doria

Mwaka 2016, vuli ikiwa imeshika na mikarafuu ya shamba letu karibu na Mtambile imeshachumwa nusu, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minane, mjane wa miezi minane. Nakutajia hesabu hizi, mwanangu, kwa sababu nilisoma ukubwani, na aliyesoma ukubwani haachi tarehe ipotee. Niliingia darasa la watu wazima nikiwa na miaka thelathini na tisa. Kabla ya hapo sahihi yangu ilikuwa dole gumba. Nilipojua kuandika jina langu, Zuwena binti Makame, nililiandika kila penye nafasi: juu ya daftari, kwenye mfuniko wa pipa, hata nyuma ya mlango wa jikoni. Sasa sikiliza ni karatasi gani niliyokataa kuliandika.

Marehemu mume wangu, Mzee Omar, alifariki tarehe 14 Machi mwaka huo. Pamoja na shamba aliacha mbwa jike, mkubwa kama ndama, kifua kipana, rangi ya mchanga mkavu, jina lake Doria. Alimleta angali mdogo alinde mihogo na migomba, maana tumbili walikuwa wakituvunia kabla yetu. Siku tatu kabla ya kufariki mume wangu aliniambia, "Zuwena, Doria usimtupe." Nikamjibu kuwa simtupi.

Ahadi hiyo niliitimiza kwa namna yangu. Chakula nilikisukuma kwa ufito, maji niliyamimina kwa mbali, na yeyote aliyeniuliza nilimwambia, "Huyo ni mbwa wa marehemu." Nilikuwa mpishi wa karamu, nikiitwa kwenye harusi na maulidi mpaka Vitongoji, na watu waliusifu usafi wangu. Nilijivunia kwamba kwa miaka sita mkono wangu haukupata kumgusa mbwa yule. Nilidhani huo ndio ucha Mungu wenyewe.

Mwanzoni mwa Novemba nilimwona Doria anakunywa maji kupita kiasi. Tumbo likaanza kukua. Nikajiambia ana mimba, nikapita. Alhamisi ya tarehe 10 hakula. Ijumaa alitapika mara nne, na Jumamosi asubuhi hakuweza kusimama. Hapo ndipo nilipompigia simu daktari wa mifugo, naye akaja kwa pikipiki kutoka Chake Chake, kijana mpole mwenye sanduku la bati.

Alipiga magoti, akamminya tumbo kidogo kidogo, akamwinua mkia. "Mama, huu uchafu unaomtoka ulianza lini?"

"Uchafu gani?" nikamuuliza, nami nimesimama hatua kumi.

Hakunilaumu. Akauliza, "Na joto lake la kutaka dume lilikwisha lini?"

Hilo nililijua. Madume ya mbwa yalikuwa yamezunguka ua wetu kutwa kucha, nikaandika siku yalipoondoka. Nikaleta daftari: Jumapili, tarehe 2 Oktoba. Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Wiki sita, ndio muda ugonjwa huu hujitokeza. Hana mimba. Kizazi kimejaa usaha. Kikipasuka ndani tutampoteza. Lazima nimpasue leo, na kabla jua halijapungua, kwa sababu taa yangu ni hiyo ya mbinguni."

Akatoa karatasi ya ridhaa. Ilisema kwamba mwenye mbwa anakubali apasuliwe, na kwamba ameelezwa kuwa huenda asiamke. Chini palikuwa na mstari mmoja: Mmiliki.

Mwanangu, mimi niliyeandika jina langu kwenye mfuniko wa pipa, nilirudisha kalamu. "Huyu ni mbwa wa marehemu," nikasema. "Atie sahihi shemeji yangu Hamad. Yuko Msuka."

Usidhani sikumhurumia mnyama. Niliwaona majirani wamesimama ukutani, na mbele yao Mzee Faki, ambaye harusi ya binti yake nilikuwa niipike mwezi unaofuata. Niliwaza: nikijiandika kwa hati yangu kuwa mwenye mbwa, nani atakula pilau yangu?

Nikampigia Hamad. Akacheka. "Shemeji, mie niko ncha ya kisiwa, weye uko na mbwa mlangoni. Sahihi yangu ya nini? Si weye uliyesoma?"

"Mbwa ni wa kaka yako, Hamad."

"Kaka yangu keshatangulia, Mungu amrehemu. Huyo mbwa yuko hai. Haya, nitatafuta gari, nije."

Nikamwambia daktari tusubiri. Akasema saa zinakwenda, lakini bila ridhaa hashiki kisu. Akaketi kwenye kibao, sanduku limefungwa. Ikapita saa sita, ikapita saa saba, ikapita saa nane. Doria alikuwa amelala bandani mdomo wazi, ulimi umekauka, na kila niliposema na daktari alikuwa akijaribu kuniinulia sikio.

Saa tisa akaja Bi Time kuomba ukili wa kumalizia mkeka. Huyu alikuwa mwalimu wetu wa madrasa ya wanawake, zaidi ya miaka sabini, mfupi, sauti yake imezoea kusikiwa. Akamwona daktari, akamwona mbwa, akauliza, nikamweleza. Nilitarajia anisifu.

"Kwa hiyo unamsubiri Hamad aje avuke kisiwa kizima," akasema, "ili mkono wako ubaki safi?"

"Bi Time, mbwa ni najisi. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Nilikufundisheni nusu moja na nusu ya pili vilevile. Mlisikia mojawapo tu. Nilisema mate yake yakikupata osha mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilisema mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa. Nani kati yangu na wewe alisema aachwe aoze na uhai wake?" Akanisogelea. "Omar alikuachia amana, Zuwena. Hukumwogopa Mungu wewe. Umemwogopa Faki."

Mzee Faki alikuwa pale ukutani, akakohoa. "Jamani, mie sijasema kitu!"

"Na hilo ndilo kosa lako, maana ungesema wewe, huyu angeshatia sahihi zamani," Bi Time akamjibu, na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Macho yalinijaa maji mbele ya majirani, nami nilikuwa mwanamke ambaye hata kwenye msiba wa mume wangu nililia chumbani.

Nikachukua kalamu. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini za alasiri, tarehe 12 Novemba. Niliandika jina langu lote, pole pole, na nikaweka nukta mwishoni, ijapokuwa haikuhitajika.

Tuliung'oa mlango wa ghala la karafuu, tukaulaza juu ya mapipa mawili, ukawa meza. Doria hakukubali kushikwa na mgeni. Kila alipoguswa alinguruma kwa nguvu alizobakiwa nazo. Daktari akanitazama. Nikaenda, nikamshika kichwa kwa mikono miwili. Masikio yake yalikuwa laini kuliko nilivyodhani. Akanyamaza, akanilamba kiganja mara moja, dawa ya usingizi ikamchukua.

Sitakusimulia damu. Kilichotolewa kilijaa karai. Daktari alisema tungechelewa mpaka kesho, kingempasukia ndani. Alipofunga uzi wa mwisho, jua lilikuwa bado juu ya migomba. Nikatoka pale mezani, na Bi Time alikuwa akinisubiri na ndoo na bonge la udongo. Alinimiminia mwenyewe, akihesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea: moja, mbili, tatu. Kwenye ya saba akasema, "Umetakata. Kasali alasiri, wakati unakwenda."

Kumuuguza kulichukua wiki mbili. Nilitenga kanga moja ya bandani na nyingine ya sala. Nilikata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, nikamvika shingoni asilambe kidonda, akawa anagonga kila nguzo, nasi tukajua alipo. Dawa niliificha ndani ya kipande cha samaki. Siku ya tatu alipata homa na kukataa hata maji. Nilikaa naye kutwa nikimdondoshea mchuzi wa samaki kwa kijiko pembeni mwa mdomo, nikisema naye mambo ya Omar ambayo sikuwahi kumwambia binadamu. Siku ya tano alikula uji kiganjani mwangu. Hamad, aliyefika Jumapili asubuhi na samahani nyingi, ndiye aliyenishikia mwenge wa makuti, moshi wake ufukuze nzi. Mzee Faki alipita akaniuliza, "Bi Zuwena, kumbe siku hizi wagonjwa wako wana mikia?" Nikamjibu kuwa huyu walau hasumbui kwa maneno. Nyuzi zilitolewa Jumamosi ya tarehe 26, na jioni hiyo Doria alibweka, sauti mbaya, ya kukwaruza, na tumbili wakatoka mbio kwenye migomba.

Harusi ya Mzee Faki niliipika. Hakuna sahani iliyorudi na chakula.

Jumatano, tarehe 14 Desemba 2016, ikaja chanjo ya kichaa cha mbwa mbele ya ofisi ya sheha. Nilimpeleka Doria mwenyewe, kamba mkononi, mchana kweupe. Karani akafungua kitabu, akauliza mbwa ni wa nani. Nikamwomba kalamu, nikaandika mwenyewe kwenye safu ya mmiliki, sheha akapiga muhuri, akanikabidhi kadi, akasema, "Limekwisha, Bi Zuwena. Kisheria ni wako."

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni ile niliyotoka nayo ofisini siku hiyo. Ukikabidhiwa kitu chenye uhai, jiandike. Usikilee kwa ufito huku ukisema ni cha mwingine. Dini isome mpaka mwisho wa ukurasa kabla hujaitumia kama udhuru, na ukihisi unachukia kuguswa na jambo, jiulize kwanza kama unamcha Mungu au unawahofia watu waliosimama ukutani. Na ukikosea kama mimi, usikae na aibu. Tia sahihi hata kama ni saa tisa na dakika ishirini. Mungu akupe mikono isiyoogopa kazi, akuwekee karibu mtu wa kukukemea kwa mapenzi, na kila amana utakayoachiwa aiponye mikononi mwako. Amin.